Seftriaksoni: Sindano Inayookoa Maisha, Matumizi Holela Yanaiponza

Mwezi Septemba 2024, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuwa ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe zile za kutibu maambukizi ya kawaida, ambazo uwezekano wa kuchochea usugu wa vimelea ni mdogo. Sindano ya seftriaksoni haimo katika kundi hilo. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka katika kundi la dawa zinazohitaji uangalizi.

Dawa hii hutibu homa ya uti wa mgongo, nimonia kali na maambukizi ya bakteria katika damu, na mara nyingi hutolewa mara moja tu kwa siku. Wepesi huo ndio unaoifanya itumike hata pale ambapo vidonge vingetosha, au kwa mafua, ambayo husababishwa na virusi visivyouawa na antibiotiki yoyote.

Mgonjwa anayechomwa bila sababu hubeba madhara pasipo faida. Yaliyo ya kawaida ni maumivu mahali ilipochomwa sindano, upele na kuhara. Kuhara kukali kunaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha. Uvimbe wa uso na kupumua kwa shida ni dalili za mzio mkali unaohitaji huduma ya dharura. Kwa mtoto mchanga, tahadhari ni kubwa zaidi: mwenye manjano hapaswi kupewa dawa hii, wala mwenye umri usiozidi siku 28 anayehitaji dripu yenye kalsiamu, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kuganda katika mapafu na figo.

Bakteria wanapojenga usugu dhidi ya seftriaksoni, hospitali hulazimika kutumia dawa za gharama kubwa zaidi, na machaguo hupungua. Ndiyo maana Tanzania inatekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa Kupambana na Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa wa mwaka 2023 hadi 2028.

Utekelezaji huo unamhitaji pia mwananchi. Anapaswa kutoshinikiza kuchomwa sindano, kueleza mapema iwapo ana mzio wa penisilini, kukamilisha dozi aliyoandikiwa, na kutoa taarifa ya madhara katika kituo cha afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).