Laiki Hazilipi Kodi ya Fremu

Kila mwisho wa mwezi wafanyabiashara wa nchi hii wanatumiwa ripoti. Inaingia kwa WhatsApp, kurasa kadhaa za rangi, nembo ya duka ikiwa mbele. Ndani kuna idadi ya waliofikiwa, laiki, komenti, wafuasi wapya na mishale ya kijani inayoelekea juu. Mwenye duka anaperuzi, anafurahi, anatuma pesa ya mwezi unaofuata. Kitu kimoja hakimo humo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: mauzo.

Hiyo si tathmini, na tuache kuiita tathmini. Anayelipwa ndiye aliyechagua cha kupima, ndiye aliyepima, na ndiye aliyejipa maksi.

Tuliangalie tangazo moja kwa karibu. Gauni limepigwa picha nzuri, limebustiwa, yaani limelipiwa lionekane na wengi, chini yake komenti zimejaa: "Bei?" "Bei gani dada?" "Mnatuma Dodoma?" Jibu ni lile lile, njoo inbox. Mteja anaenda inbox, anajibiwa kesho yake mchana, wakati huo ameshanunua kwingine. Sasa fungua ripoti. Zile komenti zote, pamoja na za yule aliyeondoka kwa hasira, zimehesabiwa kuwa ushiriki wa wateja. Maswali yasiyojibiwa yameandikwa kama mafanikio! Na kadiri unavyoficha bei ndivyo komenti zinavyoongezeka, ndivyo mshale wa kijani unavyopanda.

Tupige hesabu ya kawaida. Chukulia umetoa shilingi 300,000 za kubusti na 200,000 za kijana wa mitandao. Watu 60 wameuliza bei, walionunua ni 8, na faida yako kwa kila gauni ni 20,000. Umeingiza 160,000 kwa gharama ya 500,000. Umepoteza 340,000, na ripoti inakupongeza.

Wenye mitandao wenyewe nao si wa kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwapa watangazaji wastani uliovimba wa muda ambao watu hutazama video. Ilikuwa ikigawa muda wa kutazama kwa wale tu waliotazama zaidi ya sekunde 3; walioiacha kabla ya hapo hawakuingizwa kwenye hesabu. Uvimbe huo ulifikia asilimia 60 hadi 80. Watangazaji wakaenda mahakamani Marekani, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi. Wale walikuwa na mawakili. Wewe wa fremu ya Kariakoo una nani?

Lakini tatizo kubwa zaidi halihitaji hata namba iwe ya uongo. Namba inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ikakudanganya, na hapo ndipo mawakala wengi wanapokula.

Mwaka 2012 wachumi wa soko la mtandaoni la eBay, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, walifanya jambo ambalo wakala wa matangazo hapendi hata kulisikia: walizima. Kampuni ilikuwa ikilipia tangazo litokee kila mtu anapoandika jina la eBay kwenye mitambo ya kutafutia. Wakaliondoa kwenye mitambo ya Yahoo na Microsoft, wakaliacha Google ili wapate pa kulinganishia. Asilimia 99.5 ya mibofyo iliyopotea ikarudi yenyewe kupitia kiungo cha bure kilichokuwa hapo hapo chini ya tangazo. Watu wale walikuwa wanakwenda eBay tayari. Tangazo lilikuwa dalali aliyemkuta mteja mlangoni akadai kamisheni.

Hawakuishia hapo. Wakazima Google pia, safari hii kwa maneno ya bidhaa za kawaida, katika baadhi ya maeneo ya Marekani, na kwingine wakaacha matangazo yaendelee. Mauzo ya pande mbili hayakupishana kwa kiasi cha maana. Katika utafiti wao, uliotoka kwenye jarida la Econometrica mwaka 2015, makadirio ni kwamba matangazo hayo yaliingiza hasara ya asilimia 63. Nani basi alikuwa anashawishika? Wageni, na wale wanaonunua mara chache. Wateja wa kila siku hawakuhitaji kushawishiwa, na sehemu kubwa ya pesa ilikuwa inakwenda kwao.

Mwaka 2017 Procter & Gamble, wenye Pampers na Ariel, walikata zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya kidijitali ndani ya robo moja ya mwaka. Mauzo hayakutikisika.

Swali la tathmini, kwa hiyo, ni moja tu: bila tangazo hili, ningeuza kiasi gani? Ripoti ya mishale haiwezi kulijibu, kwa sababu haijawahi kuangalia upande wa pili. Muuza sare za shule anabusti Desemba, Januari anauza mzigo wote, na kijana wa mitandao anadai shukrani. Shule zimefunguliwa, bwana! Muuza kanzu na mabaibui anabusti Ramadhani na ushindi anaupeleka kwa tangazo badala ya kuupeleka kwa Idi.

Ugonjwa huu hauko madukani peke yake. Filamu ya The Royal Tour, ya kutangaza utalii wa Tanzania, ilizinduliwa Aprili 2022, na tangu hapo tumeimbiwa takwimu za watalii majukwaani: karibu 923,000 mwaka 2021, wakafika kama 1,455,000 mwaka 2022. Ongezeko kubwa, hakuna anayelikataa. Lakini Kenya, ambayo rais wake hakumzungusha mbugani mtangazaji Mmarekani Peter Greenberg kama wetu alivyofanya kwenye filamu hiyo, ilitoka kama 870,000 ikafika karibu 1,484,000. Waliongezeka kwa asilimia 70. Sisi kama 58. Dunia ilikuwa inatoka kwenye korona na ndege zimerudi angani. Sisemi filamu haikuleta mtu. Nasema waliosimama kutuambia imeleta hawakupima, walihesabu tu waliofika, na huko ndiko nchi nzima inakofundishwa kutathmini vibaya.

Nawajua watakaonijibu. Watasema matangazo ya mtandaoni yanajenga jina, na jina halipimwi kwa mwezi mmoja. Sawa, kwa duka ambalo halijulikani hilo lina ukweli; eBay wenyewe waliwapata wageni kwa njia hiyo. Basi nionyeshe jina lililojengwa. Wangapi wamepiga simu wakitaja duka kabla hawajatajiwa? Wangapi wamerudi mara ya pili? Wafuasi wapya ni wa wapi? Maana kuna watu wanamlipa msanii mwenye wafuasi mamilioni kutoka Nairobi mpaka Dubai ili atangaze mgahawa wa Morogoro wenye meza sita. Kama jina halipimiki leo wala mwakani, basi mtu anakuuzia imani, na imani tunapewa bure misikitini na makanisani.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mtaalamu wa kutoka nje. Nunua laini ya pili, namba yake iandikwe kwenye tangazo la kulipia tu na mahali pengine popote isitokee. Simu na meseji zikiingia humo unajua zimetoka wapi. Fungua lipa namba ya pili kwa wateja wa mtandaoni, uone shilingi ngapi zimepita. Weka daftari kaunta, muulize kila anayenunua amewajulia wapi, na jibu liandikwe pale pale kabla hajaondoka. Halafu, hili ndilo wengi wanaliogopa, zima. Kama unauza Mwanza na Arusha, acha tangazo liendelee Mwanza, lizime Arusha wiki nne, wiki zisizo na sikukuu wala msimu wa shule, kisha linganisha mauzo ya kila mji na ya wiki nne zilizotangulia. Wakati mwingine utakuta Arusha imeshuka kweli. Vizuri, tangazo linafanya kazi, ongeza pesa. Ukikuta haikushuka, utakuwa umejua kilichokuwa kikila faida yako muda wote huo.

Zoezi hili lina kasoro zake. Duka dogo linaweza kuwa na mauzo machache mno kuonyesha tofauti kwa wiki nne, na hapo itabidi usubiri zaidi. Hata hivyo, daftari chafu la kaunta lina thamani kuliko kurasa zote za mishale, kwa sababu aliyeliandika halipwi kwa kadiri ya uzuri wa majibu.

Kwa hiyo mwezi huu, kabla hujatuma pesa, mwambie wakala wako mambo mawili: ripoti ijayo ianze na mauzo na faida huku laiki zikikaa mwisho, na tangazo lizimwe katika mji mmoja kwa wiki nne. Akikubali, endelea naye. Akikataa, usimlipe.