Hisa za jicho la umeme: uliza kwanza nani atatengeneza

Kizuri chajiuza, wasema wahenga. Katika hisa za vifaa vya tiba methali hiyo imewaponza wengi, na mfano ulio wazi ni kampuni ya Second Sight ya California, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998.

Bidhaa yake, Argus II, ilikuwa ya kweli. Kamera ndogo kwenye miwani hupeleka picha hadi kwenye elektrodi 60 zilizopachikwa juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho. Umeme mdogo huamsha neva ambazo bado zi hai, na mtu aliyepofushwa na ugonjwa wa kurithi huona vimulimuli na umbo la mlango au dirisha. Marekani ilitoa kibali Februari 2013. Novemba 2014 hisa ziliingia soko la Nasdaq kwa dola 9, na siku hiyohiyo bei ikapanda zaidi ya maradufu.

Hesabu ndizo zilizogoma. Kifaa kimoja kiliuzwa kwa takriban dola 150,000, na wagonjwa wanaokifaa ni wachache. Dunia nzima waliowekewa walizidi 350 kidogo tu. Mwaka 2019 kampuni iliachana na kifaa hicho, Machi 2020 ikapunguza wafanyakazi wake wengi, na mwaka 2022 ikaunganishwa na kampuni nyingine kwa jina la Vivani Medical.

Mwenye hisa aliweza kuuza kwa hasara akaenda zake. Mgonjwa hakuweza. Bidhaa imo jichoni mwake, na ikiharibika fundi hayupo wala vipuri.

Sasa soko hili limechangamka tena. Oktoba 2025 yalitangazwa matokeo ya kifaa cha PRIMA: kati ya wagonjwa 32 waliofuatiliwa mwaka mzima, 26 uwezo wao wa kuona uliongezeka. Lakini Pixium Vision ya Ufaransa, iliyokilea kifaa hicho, iliishiwa fedha kabla ya mavuno. Mwaka 2024 Science Corporation ya Marekani ikakinunua.

Rai yetu kwa mwekezaji mdogo ni hii: kabla ya kutoa fedha, uliza wateja ni wangapi, nani atawalipia, na ni fungu gani limetengwa kuhudumia vifaa kampuni ikianguka. Swali la mwisho si la huruma tu. Daktari aliyeona wagonjwa wakitelekezwa atasita kununua tena, na daktari akisita hakuna mauzo.