Kijani cha sombe kinatutosha

Mchimbaji akirudi kutoka kariere na pesa kidogo mkononi, watu wa Basoko wanajua hata kabla hajasema. Kwanza mabati yanashushwa kwenye balenyere, siku nyingine saruji, na mwisho kabisa ndoo ya rangi. Ndoo ndiyo inatangaza kwamba kazi imelipa. Ndiyo maana inanunuliwa haraka, na mara nyingi na baba peke yake, amesimama ndani ya kenkayeri huko Kisangani, wenzake wanamngoja nje juu ya toleka. Anaonyesha kidole ile inayong'aa kupita zote. Wiki mbili kisha amesharudi msituni, Banalia ao Bafwasende, na mama na watoto ndio wanabaki kuishi ndani ya kile kijani.

Sisi hatukatai kijani. Tunakataa kile kikali, cha mafuta, kinachomulika kama bati jipya wakati wa jua. Kuna kijani kingine, na kila mtu hapa anakijua bila kujua jina lake. Mama anapotwanga sombe, majani ni mabichi, kijani chake kinaruka machoni. Anapoipika saa moja, mbili, akatia mawese, kile kijani kinatulia. Kinakuwa na wekundu kidogo ndani yake, na ukahawia, na joto. Hakuna mtu anayechoka kukitazama. Rangi hiyo ndiyo tunataka ukutani, lakini nyepesi zaidi, kama umeongeza maziwa.

Tunajua wazee wengine watakunja uso. Kuanzia 1971 bendera ya Zaïre ilikuwa ya kijani, na kijani kilikuwa rangi ya chama, MPR, wakati ambapo chama na serikali vilikuwa kitu kimoja. Mtu aliyecheza animasyo mbele ya wakubwa akiwa kijana hasahau. Sawa. Lakini kile kilikuwa kijani cha bendera, kinachotaka kuonekana kutoka mbali. Na siku hizi kuta zetu za barabarani zinapakwa rangi za kampuni za simu na za bia, bure, na mwenye nyumba anafurahi kwamba hakulipa kitu, hata kama nyumba yake imegeuka kibao cha matangazo. Rangi ya ndani, kwa hiyo, tuichague wenyewe.

Sasa jambo la maana, na hapa tunaomba wazazi wasome polepole. Kwa muda mrefu kijani kikali cha mafuta kilitengenezwa kwa kuchanganya bluu na njano, na ile njano ilikuwa na risasi ndani yake, ile Wafaransa wanaita plomb. Si kila ndoo ya leo iko hivyo, lakini rangi za namna hiyo bado zinatengenezwa na kuuzwa katika nchi nyingi. Ukuta ukipata unyevu, rangi ya mafuta inabanduka vipande vipande. Mtoto anayetambaa anaokota, anatia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto. Inaingia katika ubongo, inapunguza akili ya kujifunza, na kile kilichopotea hakirudi. Hatari ya risasi kwenye rangi si habari mpya: mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kupunguza risasi katika kazi ya kupaka rangi ulipitishwa Geneva mwaka 1921. Miaka zaidi ya mia moja.

Familia za wachimbaji zina sababu zaidi ya kuogopa. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi, juu dhahabu ya kule ilikuwa imekaa pamoja na risasi katika jiwe moja, na watu walikuwa wanalisaga nyumbani, kwenye uwanja ambamo watoto wanacheza. Hawakujua. Vumbi tu. Basi mtu ambaye tayari analeta vumbi la kariere katika nguo zake asiongeze na vumbi la ukuta. Kwenye ndoo tafuta maneno « sans plomb ». Kama hayapo, chukua rangi ya maji. Na ukuta wa zamani uliopakwa mafuta usiukwangue mkavu: loanisha kwanza, watoto watoke, vipande vikusanywe na kutupwa mbali na kisima.

Kijani cha sombe kina bahati moja. Rangi inayokitoa vizuri ni oksidi ya kromu, unga wa kijani kizito kisichong'aa, ambao hauogopi jua wala chokaa wala saruji. Mafundi wanaujua kwa jina la « oxyde vert ». Hauna haja ya risasi.

Namna ya kuchanganya. Anza na nyeupe ya maji, si na kijani. Tia unga wa kijani kidogo kidogo, ukishaulainisha kwanza katika maji, koroga. Kitakuwa kijani baridi, kama kuta za hospitali. Hapo watu wengi wanakosea: wanatia nyeusi ili kukituliza. Nyeusi inakiua, kinakuwa kama maji ya mfereji. Tia nyekundu, ile oksidi nyekundu wanayopakia sakafu, kijiko kwa kijiko, na njano ya udongo kidogo. Nyekundu na kijani ni kama bwana na bibi waliogombana: kila mmoja anapunguza sauti ya mwenzake, na nyumba inatulia. Ukizidisha nyekundu utapata kahawia, na hakuna kurudi nyuma isipokuwa kwa kuongeza kijani na nyeupe mpaka ndoo inajaa. Changanya rangi yote ya chumba kimoja mara moja. Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza hata fundi akiapa.

Chumba cha metre 3 kwa 4, kuta za metre 2 na nusu, kina karibu metre carré 35. Litre moja inapaka kama 8 kwa mara moja. Kwa mara mbili ni karibu litre 9. Nusu ya ndoo ya litre 20, basi, na tumeona watu wakinunua ndoo mbili juu ya chumba kimoja.

Usiamini rangi iliyo ndani ya ndoo. Paka kwenye kartoni kubwa, iache ikauke, maana rangi ya maji ikikauka mara nyingi inakolea. Kisha iegemeze ukutani siku tatu. Itazame asubuhi, itazame saa sita, na zaidi sana itazame usiku. Nyumba nyingi hapa zinawaka taa ndogo za solere, na mwanga wao ni mweupe wenye bluu. Chini ya taa hiyo kijani kilichokuwa na joto mchana kinageuka kijivu, uso wa mgeni unaonekana kama ana malaria. Dawa yake ni kuongeza njano na nyekundu kidogo kuliko jicho lako linavyotaka mchana. Ao kununua balbu ya mwanga wa njano, kama inapatikana. Tulishasikia mama mmoja akimwambia bwana yake mbele ya kartoni: « Yaya, mchana ni sombe, usiku ni majivu. Sisi tunakaa humu usiku! » Alikuwa na haki.

Ya kupatanisha ni mepesi, juu Basoko yenyewe imeshafanya kazi. Udongo wetu ni mwekundu, na mvua kubwa inaurusha ukutani. Usipigane nao. Nje, chini ya ukuta, weka ukanda wa kahawia nyekundu wa kufika magotini ao kidogo zaidi. Matope hayataonekana, na ule wekundu unakipa kijani joto. Milango ya mbao uiache mbao. Mtu ana mlango wa afrormosia, mbao ambazo watu wa Ulaya wanalipa pesa nyingi, na anaupaka bluu ya mafuta! Vernisi inatosha. Viti vya kekele vinakaa vizuri mbele ya kijani hiki, na foteyi za rangi ya divai pia. Rido nyeupe kabisa hapana, inafanya ukuta uonekane mchafu. Chukua rangi ya krimu, ya muhogo uliokauka. Liputa yenye maua makubwa moja inatosha, kwenye mto wa kiti. Plafo iwe nyeupe iliyotiwa njano kidogo sana.

Nyumba ya potopoto ina sheria yake. Ukuta wa udongo unapumua, na rangi ya mafuta inauziba pua. Msimu mmoja wa mvua unatosha kuubandua. Paka chokaa, na ule unga wa kijani na mwekundu ndani, usizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za chokaa, mara tatu, nyembamba kama maji ya uji. Mwenye ukuta mpya wa saruji angoje wiki nne hata kama kariere inamwita.

Na kama inamwita kweli, aende. Kartoni ibaki kwa mama, pamoja na pesa ya rangi. Yeye ndiye atakayeitazama siku tatu, usiku na mchana, na yeye atamwita fundi. Tunajua wanaume wengine wataona haya kurudi na kukuta ukuta ambao hawakuuchagua. Mwaka wote wanamwachia watoto, shamba na madeni, lakini ndoo ya rangi wanaishika wenyewe.