Manowari ya Bei Rahisi: Nani Aliyelipa?

Wako watu hata leo wanaopenda kukaa na karatasi, rula na kalamu wakichora manowari za zamani. Hujiwekea fumbo: serikali moja ya Ulaya, mwaka 1905 au 1910, inataka manowari kubwa ya kulinda koloni lake la mbali, na hazina yake haina fedha za kutosha. Mizinga ipunguzwe mpaka mingapi? Chuma cha ubavuni kiwe na unene gani? Mwendo uwe maili ngapi kwa saa? Hesabu hizo ni tamu kwa mwenye kuzipenda, na sisi hatumlaumu mtu kwa burudani yake. Lakini sisi, ambao wazee wetu walikuwa upande wa pili wa mizinga hiyo, twaona kuna safu moja ya hesabu iliyoachwa wazi. Safu hiyo yauliza: nani analipa, na mzinga unaelekezwa wapi?

Ndugu wasomaji, fumbo hilo si la kubuni. Iko nchi iliyolifumbua kwa chuma na makaa ya mawe. Nchi hiyo ni Uholanzi, na kisa chake kina mafunzo kwa kila aliyepata kutawaliwa.

FUMBO LA MHOLANZI

Uholanzi ni nchi ndogo. Koloni lake la Mashariki, ambalo leo ndilo Indonesia, lilikuwa visiwa maelfu na watu mamilioni mengi kuliko Waholanzi wenyewe. Mali yote ile, kahawa, sukari, bati, mpira na mafuta ya petroli, ilitoka huko. Basi Mholanzi alikuwa katika hali ya mtu mwenye shamba kubwa mno na fimbo fupi. Alitaka manowari za kuzunguka visiwani, lakini hakuweza kushindana na Uingereza wala Ujerumani katika kuziunda.

Waingereza walipozindua manowari yao Dreadnought mwaka 1906, ilikuwa na uzito wa karibu tani 18,000, mizinga mikubwa 10, na mwendo wa maili 21 za baharini kwa saa. Mholanzi alitazama bei yake, kisha akaenda zake. Mwaka 1909 alishusha majini pale Amsterdam manowari yake mwenyewe, De Zeven Provinciën, maana yake Majimbo Saba. Ilikuwa na tani 6,530 hivi. Mizinga mikubwa ilikuwa 2 tu, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na mdomo wa sentimita 28. Mwendo wake ulikuwa maili 16 kwa saa. Mwaka 1910 ilipelekwa Mashariki.

Mtu wa ufundi ataisifu. Kila kitu kilipimwa kwa kazi. Meli haikuwa ndefu wala haikuzama sana majini, kwa hiyo iliweza kusogea karibu na pwani na kuingia bandari ndogo. Mizinga miwili ilitosha, maana haikutazamiwa kupigana na kundi la manowari kubwa katikati ya bahari. Mwendo mdogo haukuwa na dhara, kwa kuwa kijiji hakikimbii.

Hapo ndipo ilipo siri ya manowari ya bei rahisi. Ukitaka kupigana na mwenye nguvu kama wewe, huwezi kupunguza kitu. Ukitaka kumtisha asiye na manowari hata moja, waweza kupunguza karibu kila kitu, ila ule mzinga mmoja wa mbele.

KAZI YA MZINGA ULE

Wengine watasema manowari hizo zilikuwa za kulinda visiwa wasije wageni wengine. Hebu tutazame zilivyotumika. Mwezi Septemba 1906 Waholanzi walipeleka jeshi kisiwani Bali, katika ufalme wa Badung. Manowari zilikaa baharini zikautupia makombora mji wa Denpasar, na askari wakapanda kutoka pwani ya Sanur. Septemba 20 mfalme na watu wake, wake kwa waume na watoto, walitoka wamevaa nguo nyeupe na vito vyao, wengi wakiwa na majambia tu, wakaiendea bunduki mpaka wakaisha. Watu wa Bali huita mwisho wa namna hiyo puputan. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Hakuna Mjapani wala Mjerumani aliyeonekana pwani ile siku ile. Waliolindwa walikuwa Waholanzi, na waliozuiliwa ni wenye nchi.

Sisi wa pwani hii ya Afrika ya Mashariki hatuhitaji mkalimani kutueleza. Agosti 27, 1896, saa tatu ya asubuhi, manowari 5 za Kiingereza zilisimama mbele ya jumba la Sultani Unguja. Zilikuwa manowari za kuzunguka makoloni. Zilipiga kwa muda wa dakika 38 hivi. Jumba likaangushwa, meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama, na watu karibu 500 wakauawa au kujeruhiwa. Vita vilipokwisha, wafuasi wa Sayyid Khalid bin Barghash walitozwa fidia, na ndani ya fidia ile ilikuwamo gharama ya makombora waliyopigwa nayo. Someni tena maneno hayo, ndugu zetu. Aliyepigwa ndiye aliyelipia kombora!

KAPU LA MCHANGO

Hapo ndipo tunapofika katika ile safu iliyoachwa wazi. Manowari ya bei rahisi haitoki kwenye karatasi ya fundi peke yake. Iko njia nyingine ya kuipunguza bei, nayo ni kumfanya mwingine alipe.

Waingereza waliijua vizuri. Mwaka 1912 serikali ya majimbo ya Malaya, iliyokuwa chini ya ulinzi wao, ilijitolea kuwalipia manowari moja kubwa. Ikaitwa Malaya, ikashushwa majini mwaka 1915. Ilibeba jina la nchi ile na fedha ya nchi ile, lakini amri ilitoka London. Mwaka 1922 ndiyo iliyomchukua Mehmed wa Sita, sultani wa mwisho wa Waturuki, kutoka Istanbul kwenda uhamishoni. Mkulima wa mpira na mchimba bati wa Malaya hakuulizwa kama ataka fedha yake ifanye safari hiyo.

Waholanzi nao walijaribu. Baada ya kuona nguvu ya Japani inavyokua, tume yao ilishauri mwaka 1913 ziundwe manowari kubwa 9, kila moja ya tani 21,000 hivi, na 5 kati yake zikae Indonesia. Fumbo la bei rahisi likageuka kuwa ndoto ya bei ghali. Vita vya mwaka 1914 vikaikatiza ndoto hiyo kabla meli hata moja haijaanza kuundwa.

Mwaka ule ule wa 1913 Waholanzi walikuwa wakijitayarisha kusherehekea miaka 100 tangu kuokoka katika utawala wa Wafaransa, na huko makoloni watu wakaombwa kuchangia sherehe. Kijana mmoja wa Java, Suwardi Suryaningrat, ambaye baadaye alijulikana kama Ki Hajar Dewantara, aliandika makala yenye kichwa “Kama Ningekuwa Mholanzi”. Alionyesha aibu iliyopo katika kumwomba mtumwa achangie karamu ya uhuru wa bwana wake. Jawabu la serikali lilikuwa kumhamisha kwao yeye na wenzake wawili.

Mwaka 1917 watu wa Indonesia waliitwa tena, safari hii kwa ajili ya ulinzi wa nchi. Ujumbe ulikwenda Uholanzi, na ndani yake alikuwamo Abdul Muis wa chama cha Sarekat Islam. Baadhi ya viongozi walisema: tutakubali kulinda ikiwa tutapewa baraza la kusema. Wengine, kama Semaun, walikataa kabisa wakiona kwamba mnyonge anatakiwa kulinda mali isiyo yake. Baraza likafunguliwa mwaka 1918. Lilikuwa la kushauri tu. Mchango ulitakiwa kamili, sauti ikatolewa nusu.

Na tusiwadhulumu wafanyakazi wa Uholanzi. Nao walichoka kulipa. Mwaka 1923 serikali yao ilipoleta sheria ya kuunda manowari mpya kwa ajili ya Indonesia, watu zaidi ya milioni moja walitia saini kuipinga, na bunge likaikataa kwa kura 50 dhidi ya 49. Mfanyakazi wa Amsterdam aliona, kama alivyoona mkulima wa Java, kwamba mzinga ule hautamletea mkate.

BEI ILIPODAIWA

Wazee wetu walisema rahisi huvunja upishi. Ilipofika miaka ya shida, baada ya biashara ya dunia kuanguka mwaka 1929, serikali ya Kiholanzi ilitafuta pa kupunguza. Meli ilikwisha kuundwa na chuma hakipunguziki. Kilichobaki ni mshahara wa baharia. Ukakatwa, ukakatwa tena. Baharia wa Kiindonesia, ambaye tangu awali alipata kidogo kuliko mwenzake Mzungu kwa kazi ile ile, aliambiwa apate kidogo zaidi. Mabaharia walipogoma Surabaya, wengi wakatiwa ndani.

Habari hizo ziliifikia De Zeven Provinciën ikiwa imetia nanga Uleelheue, kaskazini ya Sumatra. Usiku wa Februari 4, 1933, nahodha akiwa pwani, mabaharia wa Kiindonesia, pamoja na wenzao kadhaa wa Kiholanzi, waliishika meli wakang’oa nanga. Nahodha akalazimika kuifuata manowari yake kwa meli nyingine. Waliishika kwa madai, hawakuishika kwa damu. Walitangaza kwa simu ya upepo kwamba wanakwenda Surabaya, kwamba hawakusudii kumdhuru mtu, na kwamba wanapinga kukatwa mishahara na kufungwa kwa wenzao.

Fikirini, ndugu wasomaji. Mizinga miwili ile mikubwa sasa ilikuwa mikononi mwa watu walioletwa kuipakia na kuipangusa tu. Hawakupiga hata kombora moja mji wala kijiji. Waliotoa silaha ni wale waliojiita walinzi. Februari 10, karibu na mlango wa bahari wa Sunda, ndege ya serikali iliangusha bomu la kilo 50 juu ya meli ile. Watu 23 wakafa, wengi wao Waindonesia. Waliosalia wakapelekwa kufungwa kisiwani Onrust.

Basi manowari ile iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa hivyo, damu iliyomwagika juu yake siku ile ilikuwa ya mabaharia wake wenyewe, na bomu lililoimwaga lilikuwa la bwana wake.

JE, IKAWALINDA?

Mtu mwenye haki atatuuliza: vipi kuhusu Japani? Hatari ile haikuwa ya kweli? Ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana hesabu yote inaanguka. Meli ile ilitengenezwa, ikabadilishwa jina mwaka 1936 ikaitwa Surabaya, ikawa ya kufundishia. Wajapani walipokuja kweli, ndege zao ziliizamisha bandarini Surabaya, Februari 18, 1942. Siku 9 baadaye manowari za Waholanzi na rafiki zao zilishindwa katika bahari ya Java, na Machi 8 jeshi la Waholanzi likasalimu amri. Ulinzi uliolipiwa kwa miaka mingi ulikwisha kwa miezi miwili.

Manowari ile ilitosha kwa Bali, haikutosha kwa Japani. Nayo haikuweza kutosha, maana nchi yenye watu makumi ya mamilioni ambao hawakuaminiwa kushika bunduki wala kupiga kura, hata ungeizungushia manowari 9, isingekuwa na mlinzi. Agosti 17, 1945, Sukarno na Hatta walipotangaza uhuru, watu wale wale walisimama kuilinda nchi yao kwa zaidi ya miaka 4, mpaka Uholanzi ikakubali Desemba 1949. Hawakuwa na manowari ya kutajwa. Walikuwa na kitu cha kulinda. Mwaka 1955 nchi ile ile iliwakaribisha Bandung wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika, nasi tunajua jinsi sauti ile ilivyofika huku kwetu.

FUNZO LETU

Hatuandiki haya ili tufukue makaburi. Nchi zetu leo zina majeshi yake, bendera zake na mabunge yake, na ulinzi ni haki ya kila taifa. Lakini desturi ya mkoloni hufa polepole, na yaweza kuvaa kofia mpya. Kwa hiyo kila tunapoletewa kapu na kuambiwa tuchange kwa ajili ya silaha, hata kama mwenye kushika kapu ni ndugu yetu, tumwulize maswali matatu kwa adabu na bila woga. Mzinga huu unaelekezwa wapi? Nani aliyeulizwa kabla ya kununuliwa? Na zikija siku za shida, utapunguzwa mshahara wa nani?

Akijibu vizuri, tuchange kwa moyo mmoja. Akinyamaza, tukumbuke bahari ya Sunda. Silaha ambayo mwananchi hakuulizwa habari yake, hata iuzwe kwa bei gani, haiwezi kuwa rahisi. Bei yake imeahirishwa tu, na siku ya kulipa huitwa yeye.