MLANGO WA KAZI USIWE MALI YA TAJIRI

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara iendayo Kolwezi mjini, ataona mambo mawili yakipita pamoja. Katikati yanapita malori yaliyobeba shaba na kobalti kwenda nchi za nje. Kandokando wanapita vijana wa Mutoshi kwa miguu, kila mmoja na bahasha yake mkononi, na ndani ya bahasha mna barua ya kuomba kazi, cheti cha shule na picha mbili ndogo. Jioni malori yamekwisha fika mbali, na vijana wanarudi nyumbani na bahasha zile zile.

Wako watu waliozoea kuwatazama vijana hawa na kusema, "Wavivu! Kazi zimejaa Kolwezi, hawazitaki." Maneno haya twayasikia maofisini, twayasikia katika magari ya wakubwa, na la kusikitisha zaidi, siku hizi twayasikia hata vinywani mwa baadhi ya wazee wetu. Sisi twasema kwamba si kweli. Mtu anayekwenda mwendo ule kila wiki ili aambiwe "rudi kesho" si mvivu. Wanatusomea methali kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wetu wameinama hata migongo inawauma, lakini mvungu wenyewe umezibwa kwa matofali.

Basi na tuyahesabu matofali hayo moja moja, maana adui asiyetajwa jina hapigwi.

Tofali la kwanza ni karatasi. Katika nchi yetu kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha watu wengi. Aliyeipoteza, au aliyeloweshwa kadi yake na mvua katika nyumba inayovuja, hapiti getini. Cheti cha kuzaliwa hana, cheti cha shule kimezuiliwa kwa sababu ya deni la ada, na kila mhuri una bei yake.

Tofali la pili ni senti za kuanzia. Kabla mtu hajapata mshahara wa kwanza anatakiwa kulipa nauli, kunakili vyeti, kupimwa afya, na akitaka kuendesha gari kubwa, kupata kibali cha udereva. Asiye na kazi anaambiwa atoe fedha ili apate kazi. Je, azitoe wapi?

Tofali la tatu ni dalali. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo asemavyo dalali huyu anaposimama kati ya kijana na geti. Naye amepata nguvu kwa sababu makampuni mengi hayaandiki watu yenyewe, huwaachia mawakala. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la hapa Kolwezi walitoa taarifa juu ya migodi mitano mikubwa ya Kongo, wakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanya kazi wake walikuwa chini ya mawakala, kwa mishahara midogo na mikataba ya muda mfupi. Palipo na mikono mingi ya kupitia, ndipo penye mikono mingi ya kupokea.

Tofali la nne ni lugha. Kijana wa Mutoshi anasema Kiswahili tangu kuzaliwa. Tangazo la kazi limeandikwa kwa Kifaransa, msimamizi anasema Kichina, na mkataba unatiwa sahihi bila kusomwa.

Tofali la tano ni la akina mama peke yao. Mama mwenye mtoto mchanga hana wa kumwachia. Tena iko imani ya zamani kwamba mwanamke akikaribia shimo, madini hukimbia. Kwa imani hiyo wanawake wameachiwa kuosha mawe na kubeba magunia kwa malipo ya chini kabisa.

Na liko tofali la sita ambalo hatulisemi kwa sauti: "Wewe ni wa wapi?" Mji huu uliona mwaka 1992 na 1993 majirani wakifukuzwa makwao kwa sababu ya asili yao, na wengi wakafa njiani au katika stesheni wakingoja garimoshi. Aliyeiona aibu ile hawezi kukubali kwamba kazi igawiwe kwa kabila.

Sasa wengine watasema: Haya yote ni kazi ya kampuni, kampuni itatusaidia. Hapo ndipo tunapotaka kusema neno letu hasa, na kwa kusema hilo yafaa tukumbuke tulikotoka.

Wazee wetu walifanya kazi katika Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na baadaye katika Gécamines, Serikali ilipokwisha kuitwaa mali ya Union Minière. Mutoshi yenyewe ilikuwa ikiitwa Ruwe katika siku hizo. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, shule na posho, na katika vituo vya jamii wanawake walifundishwa kushona na kulea watoto. Hatukatai kwamba mambo hayo yalikuwa na faida. Lakini yote yalifungwa katika namba ya kazi ya baba. Mwenye namba alitibiwa. Asiye na namba alikuwa mgeni katika mji wake mwenyewe.

Kisha namba zikafutika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa jina la "kuondoka kwa hiari". Siku ile hawakupoteza mshahara tu. Shule ya mtoto, dawa ya mke, mahali pa kujifunza kazi nyingine, vyote vilikwenda pamoja na mshahara. Watu waliokuwa na haja kubwa kuliko zote ya kusaidiwa kutafuta kazi walinyang'anywa msaada siku ile ile walipoihitaji. Nguo ya kuazima haisitiri.

Wala hili si la wazee peke yao. Hapa hapa Mutoshi, kuanzia mwaka 2018, kampuni ya Chemaf, wafanya biashara wa Trafigura, shirika la Pact na chama cha ushirika cha COMIAKOL walifanya majaribio ya kuwapanga wachimbaji wa mikono. Eneo lilizungushiwa uzio. Kila mchimbaji aliandikishwa akapewa kadi, akavaa kofia ya chuma na viatu. Mashine ziliondoa udongo wa juu ili watu wasichimbe mashimo marefu ya kifo. Watoto walizuiwa, na wanawake wakaruhusiwa kuingia na kuchimba. Watu wapatao 5,000 walifanya kazi pale. Yalikuwako malalamiko, hasa juu ya bei, kwa kuwa mnunuzi alikuwa mmoja. Lakini yeyote aliyedai kwamba mchimbaji hapendi utaratibu, au kwamba madini hukimbia wanawake, alijibiwa pale kwa macho yake.

Machi 2020 ukaja ugonjwa wa Korona, majaribio yakasimamishwa. Mwaka 2022 Trafigura ilitangaza mkopo wa dola milioni 600 kwa Chemaf, ili Mutoshi iwe mgodi wa mashine na kiwanda cha Etoile kule Lubumbashi kipanuliwe. Vijana wakangoja kuandikwa. Bei ya kobalti ikaanguka, na ujenzi ukakwama. Februari 2025 Serikali ikasimamisha kupeleka kobalti nje ili kuinua bei, na tangu Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya kila kampuni. Hatusemi kwamba Serikali ilikosa kulinda mali ya taifa. Twasema kwamba bei inayopangwa mbali huamua kama mtu wa Mutoshi atakula, na kwamba msaada uliofungwa katika bei hiyo hupanda nayo na kushuka nayo.

Kwa hiyo basi, twasema: msaada wa mtafuta kazi uwe mali ya wenyeji, usiwe mali ya tajiri wa kazi wala ya mfadhili.

Hatuombi jambo geni. Mwaka 1948 Shirika la Kazi la Mataifa lilipitisha mkataba namba 88, unaotaka kila Serikali iliyoukubali iwe na huduma ya kuwatafutia watu kazi pasipo malipo. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 36, yasema kwamba kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongo. Tuna INPP, chuo cha Serikali cha mafunzo ya kazi, tangu mwaka 1964. Tuna ONEM, ofisi ya taifa ya kazi, tangu mwaka 2002. Lakini ofisi iliyoko mjini ni mbali kwa mtu ambaye nauli ya kwenda na kurudi ni chakula chake cha siku.

Na watu wamekwisha onyesha kwamba yawezekana. Masista wa Bon Pasteur walianza kazi yao Kolwezi mwaka 2012, wakawafundisha watoto waliotoka machimboni, na wanawake wakajifunza kusoma, kushona na kulima. Pact nalo limewaweka vijana kwa mafundi wa mtaani wajifunze kuchomelea vyuma, kutengeneza magari, kushona na kusuka nywele. Twawashukuru. Lakini shukrani yetu iwe ni kushika jembe pamoja nao, ili siku mfadhili atakapofunga mfuko wake kazi isilale.

Twataka Mutoshi iwe na Nyumba ya Kazi. Chumba kimoja chatosha kwa kuanzia. Ndani yake awepo karani anayejua njia ya kila cheti na kumwandikia asiyejua kuandika. Pawepo ubao ambao nafasi za kazi zinatangazwa kwa Kiswahili, na mtu wa kumsomea kijana mkataba kabla hajatia sahihi. Uwepo mfuko mdogo wa nauli na wa kupimwa afya, ambao aliyepata kazi anaurudishia kidogo kidogo. Pawepo mama wawili watatu wa kutunza watoto wakati wenzao wamekwenda kutafuta kazi. Pawepo masomo ya jioni ya Kifaransa na hesabu, na orodha ya mafundi walio tayari kupokea wanafunzi.

Fedha zitoke wapi? Zitoke palipo na sheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sheria hiyo hiyo inaipa serikali ya mahali panapochimbwa asilimia 15 ya ushuru wa madini, na jimbo asilimia 25. Fedha hizi si sadaka. Mtu akidai haki yake haombi, na asiyeidai asishangae akiikuta imejenga ukuta wa mtu mwingine.

Tunajua neno watakalolijibu: "Nyumba hiyo haitazaa kazi ambazo hazipo." Ni kweli, nasi hatutawadanganya wasomaji wetu. Mashine moja yafanya kazi ya watu mia, na Nyumba ya Kazi haitaigeuza mashine kuwa watu. Lakini nafasi zikiwa chache ndipo haki ya getini inapokuwa kubwa zaidi. Ikiwa nafasi ni kumi na wanaozitaka ni elfu, basi kumi hizo ziende kwa wanaozistahili, zisiuzwe. Na hao waliobaki wasiachwe na njia moja tu, ya kuvuka uzio usiku. Juni 2019 mashimo yaliporomoka katika eneo la KCC hapa Kolwezi, wakafa wachimbaji wasiopungua 43. Watu hao walikuwa wakitafuta kazi. Nani aliwaonyesha mlango mwingine?

Sasa neno kwetu wenyewe. Nyumba hii ikija, isigeuzwe duka la mwenyekiti. Wajumbe wake wachaguliwe na mtaa, na nusu wawe wanawake. Hesabu zake zibandikwe mlangoni kila miezi mitatu, apendaye asome. Dalali akiingia na bahasha yake atolewe nje, hata akiwa ndugu yetu wa damu. Na yeyote atakayeuliza "wewe ni wa wapi?" ajibiwe kwamba hapa twauliza jambo moja tu: unajua kazi gani, na ungependa kujifunza ipi?

Vijana, msikubali kuitwa wavivu, wala msikae mkingoja kuonewa huruma. Akina mama, ninyi ndio mnaojua bei ya kila siku isiyo na kazi. Semeni ya kwanza. Wazee mliowahi kushika namba ya Gécamines, waelezeni wajukuu mlivyopewa na mlivyonyang'anywa, ili wasijenge tena juu ya mchanga ule. Mkutano wa kuzungumza juu ya fedha za asilimia 0.3 utakapoitwa, tusimwache karani wa kampuni akae na viti vitupu. Tuje wote, tuketi mbele, na tuulize: sehemu ya Mutoshi iko wapi?