MACHO YA DAKTARI NAYO HUCHOKA

Mwaka 2021 Serikali ilikopa shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikanunulia hospitali za rufaa za mikoa mashine za CT. Twaipongeza. Lakini mashine haisomi picha. Husoma daktari bingwa, naye ni adimu. Mkoa wa Manyara, ambao makao yake ni Babati, ulihesabiwa watu 1,892,502 mwaka 2022. Kichwa cha mgonjwa mmoja hutoa picha mamia, na mpanda pikipiki aliyepasuka fuvu hangoji Jumatatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikiri kuwa uchovu wa namna hii watokana na kazi; basi tusiuite uvivu. Twataka zamu zenye kikomo, na vijana zaidi wasomeshwe ubingwa huu Muhimbili, kisha wapangwe mikoani.