Je, ni lini tutaacha kuuliza "je, ni lini"?

Saa tatu asubuhi, Dodoma. Dua imesomwa, hati zimewekwa mezani, Katibu ametamka neno "Maswali". Mbunge anasimama, anawasha kipaza sauti, anaomba swali lake lipatiwe jibu. Swali lenyewe lilishaandikwa na kupelekwa zamani, na ukilijua moja umeyajua mengi. Je, ni lini Serikali itachimba kisima katika kijiji fulani? Je, ni lini Serikali itamalizia zahanati ambayo wananchi wameijenga mpaka kwenye lenta? Naibu Waziri anainuka na kujibu kwa niaba ya Waziri, kama ifuatavyo. Serikali inatambua umuhimu. Upembuzi yakinifu unaendelea. Kazi itaanza kadri ya upatikanaji wa fedha. Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, halafu anatupia la nyongeza: Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge akajionee mwenyewe? Yuko tayari. Meza zinagongwa.

Jioni kipande hicho cha video kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya jimboni, na chini yake watu wameandika: "Jembe letu hilo. Anatupigania."

Mimi sioni vita yoyote hapo. Namwona mtu mzima mwenye suti, aliyetumwa kudai, akienda kuomba. Na ile imani tuliyoikumbatia kuanzia vijiweni mpaka kwenye majukwaa ya kampeni, kwamba mbunge mzuri ni yule anayeuliza sana na "kuleta maendeleo", ndiyo inayotuacha tukichota maji korongoni huku Hansard ikinenepa.

Tazama kiambishi tu. Swali la "ni lini" huja na -ta-: itajenga, itachimba, itapeleka. Kitenzi cha wakati ujao hakina risiti. Huwezi kukikagua, huwezi kukipeleka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, wala Waziri hawezi kuumbuka kwa sababu yake, maana kesho haijafika, na ikifika huenda yeye ameshahamishiwa wizara nyingine. Sasa badilisha herufi mbili. Mlichimba visima vingapi kati ya vile tulivyovipitishia fedha mwaka jana? Mlimlipa nani? Vingapi vinatoa maji leo hii? Hapo anayetafuta maji anakuwa Naibu Waziri.

Silaha ya kuuliza hivyo ipo. Ibara ya 63 ya Katiba inalifanya Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na jambo la kwanza inaloliorodhesha katika kazi hiyo ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Yeyote, lolote. Mwenye bunduki ya namna hiyo anaigeuza fito ya kuangulia ubuyu.

Wala hatuombi cha mtu. Mwaka 2017, bajeti ya Wizara ya Maji ilipokuwa mezani, wabunge wengi walipigania tozo ya Mfuko wa Maji kwenye kila lita ya petroli na dizeli ipande kutoka shilingi 50 hadi 100. Maana yake ni kwamba kijana wa bodaboda anayeegesha Sabasaba, kila alipojaza lita mbili alikuwa ameshalipia maji shilingi 100, hata kama nyumbani kwao Bahi mama yake bado anashindana na punda kwenye kisima kimoja. Mjadala ule ulikuwa na moto, nakiri, na nilioufuatilia mimi ulikuwa wa kuongeza. Sikusikia moto kama huo ukiwashwa juu ya zile hamsini za mwanzo, zilizama kwenye shimo gani na shimo hilo lina kina gani. Yule kijana ni mdai. Mbunge wake anamsimamia kana kwamba ni maskini mwenye bakuli.

Niseme na jambo moja la majira, ambalo wageni wa Dodoma hawalioni. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Bunge la Bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Waheshimiwa wanafika majani yakiwa bado kijani, na kwenye makorongo ya Chamwino na Bahi ukifukua mchanga kwa mkono unapata maji kabla kiwiko hakijazama. Juni upepo wa baridi unaanza kuwasumbua, wanapitisha Sheria ya Fedha, wanafunga mabegi. Nenda korongo lile lile Oktoba. Shimo sasa ni kina cha mtu mzima. Mama anashuka kwa vidato alivyovichonga kwenye ukuta wa mchanga, anachuchumaa chini na kata mkononi, anangoja maji yajikusanye, anachota nusu kata, anaimimina kwenye ndoo, anangoja tena. Ndoo moja inaweza kumla saa nzima. Mikutano ya Bunge ya miezi hiyo ni mifupi, na barabara ya kwenda uwanja wa ndege haipiti korongoni.

Mjini nako tusidanganyane. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na maji yake bado yanategemea sana visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe. Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, limetajwa kwenye majibu ya Serikali miaka nenda miaka rudi kama dawa ya kiu ya mji huu. Simama juu ya ghorofa lolote Area D utazame chini: matangi meusi juu ya mapaa, safu kwa safu, likiwamo la nyumba aliyopanga yule aliyeuliza "ni lini". Mgao anaujua. Asubuhi ameoga kwa kopo, saa tatu ameshukuru kwa majibu mazuri.

Wapo watakaonikumbusha habari ya shilingi. Ni kweli, kanuni zinampa mbunge nafasi ya kushika shilingi ya mshahara wa Waziri kwenye Kamati ya Matumizi, na hakuna kitu kitamu kukitazama kama mbunge aliyekunja mikono ya shati akitangaza kwamba leo bila maelezo ya kutosha shilingi haitoki. Inatoka. Waziri anasema amelichukua, anaomba wakutane pembeni, mbunge anasema kwa heshima na taadhima anairudisha. Mwenyekiti anawahoji, waliokubali wanasema ndiyo, fungu linapita. Shilingi hiyo imeshikwa na kuachiwa mara nyingi mpaka sura ya aliyechorwa juu yake imefutika.

Swali la -li- linafanya kazi? Limewahi kufanya, na humo humo Dodoma. Februari 2008 Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Haikuchukua siku Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Desemba 2013 kamati ya James Lembeli ilieleza bungeni yaliyowapata wananchi katika Operesheni Tokomeza, ile ya kuwasaka majangili, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao siku moja. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya akaunti ya Tegeta Escrow. David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini, alikuwa amelikomalia jambo hilo mpaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali akamfananisha na tumbili mbele ya Bunge. Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikaleta ripoti juu ya zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti hiyo, na kabla Januari 2015 haijaisha Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa hawapo tena ofisini.

Katika yote hayo hakuna aliyeuliza "ni lini". Waliuliza nani alisaini, nani aliamuru, nani alichukua, na walikuwa na karatasi mkononi. Tena Mwakyembe na Lembeli walikuwa wabunge wa CCM, kwa hiyo ule udhuru kwamba wa chama tawala hawezi kumbana Waziri wake hauna miguu.

Bei yake ipo, sitaificha. Juni 2024 Luhaga Mpina, mbunge wa Kisesa, alimtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kwamba amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Alipeleka ushahidi kwa Spika, kisha akauzungumza kwa waandishi wa habari kabla Bunge halijaushughulikia. Akahesabiwa kuwa amelidharau Bunge, akasimamishwa vikao 15. Mtu anaweza kubisha kama alikosea utaratibu, na mimi naona subira ya siku chache ingemsaidia. Lakini kila mbunge aliyekuwa ukumbini siku ile alijifunza hesabu nyepesi: anayeuliza "itajenga lini" hasimamishwi hata dakika moja.

Kuna na hesabu nyingine isiyosemwa kwa sauti. Kwetu mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Anayeuliza leo kutoka kiti cha nyuma anakiona kiti cha mbele, na hakuna anayemwaga upupu kwenye kiti anachotarajia kukalia. Ndiyo maana swali linafunguliwa kwa pongezi na kufungwa kwa pongezi, na katikati panabaki nafasi ya kijiji.

Ila sitawaachia wabunge lawama peke yao. Sisi ndio tunaowapima kwa bati na saruji. Akija msibani bila bahasha ametutupa, akileta mipira na jezi ni mtu wa watu. Mwaka 2009 sheria ikaanzisha Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mbunge akawekwa kwenye uenyekiti wa kamati inayoamua fedha hizo ziende wapi. Mkaguzi akapewa mwiko na ndoo ya zege. Unamkaguaje mjenzi ambaye mmeshika naye jengo moja? Kenya walilibishania jambo la aina hii mpaka mwisho, na Agosti 2022 Mahakama ya Juu yao ikaibatilisha sheria ya mfuko wa majimbo ya mwaka 2013, kwa hoja kwamba inachanganya kazi za mihimili ya dola. Waganda nao wana kamati ya Bunge ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi ambazo mawaziri wamezitoa ukumbini. Sijui kama inawakosesha usingizi mawaziri wa Kampala. Najua tu kwamba ahadi ikishaandikwa kwenye orodha ya mtu mwingine, inaanza kuwa na -li- ndani yake.

Nilihudhuria mkutano wa kamati ya maji ya kijiji kimoja cha Chamwino, chini ya mbuyu. Mweka hazina alikuwa bibi wa makamo ya juu, miwani yake imefungwa kwa uzi wa viatu, na mapajani ana daftari la kaunta lililochorwa mistari kwa rula: tarehe, madumu, fedha, saini. Dumu moja shilingi 50. Kijana anayeendesha mashine ya kisima alikuwa amekabidhi 2,500 za Jumamosi.

"Mjukuu wangu, Jumamosi uliuza madumu mangapi?"

"Yalikuwa kama hamsini hivi, bibi."

"Kama?" Akafungua ukurasa wa nyuma, ambako mwanamke mwingine, jirani wa kisima, alikuwa amepiga vistari vya penseli siku nzima, vitano vitano. Akavihesabu kwa sauti bila haraka. Sitini na vinne.

Kijana akakohoa. "Hiyo iliyobaki nitaileta, bibi. Wiki ijayo nitaileta yote."

Bibi akasogeza miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa Jumamosi. "Sijakuuliza utaleta lini. Nimekuuliza uliuza mangapi."

Watu kumi na wanane tulikuwa pale, hakuna aliyegonga meza, kwanza meza haikuwapo. Kijana akatazama ndala zake, akaanza kuhesabu upya.